Wakubwa wameshapatana, na sisi je?

Maswali ya wasomaji, anajibu Ami

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu Gambia na yule rais wao alokataa kutoka, wala sikutegemea kama mtaniletea barua namna hii. Nyingi zinazunguka pale pale, nchi ikishatoka kwenye utawala wa mabavu inafanya nini na machungu yake. Zote siziwezi. Nimechukua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imenigusa.

Ami, assalamu alaykum. Mimi kijana wa Micheweni, Pemba, niko mwaka wa pili chuo hapa Unguja. Babu yangu hataki kabisa itajwe Januari 2001 mbele yake, anasema yalopita yashapita, tukifukua tutazua mengine. Mwalimu wetu darasani anasema nchi ilotoka kwenye mateso haiponi mpaka ukweli usemwe hadharani. Sasa nimsikilize nani? Na wenzetu huko duniani walifanyaje?

Waalaykum salaam mwanangu. La kwanza, babu yako usibishane nae. Kwa wasomaji wadogo ambao hawakuwepo: baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2000 CUF, chama cha upinzani, waliitisha maandamano Unguja na Pemba, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 askari wakapiga watu risasi za moto. Human Rights Watch, shirika la kimataifa la haki za binadamu, walichunguza wakaandika walokufa hawapungui 35 na walojeruhiwa zaidi ya 600, na watu kama elfu mbili walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Sasa mtu alopanda chombo wakati ule halafu leo anakwambia nyamaza, hajasahau huyo, anakumbuka kila kitu, na huko kunyamaza ndiko kulikomuwezesha kurudi akakaa tena mtaa mmoja na watu alowakimbia. Mie nimekulia na wazee wa namna hio na nawaheshimu, kwa sababu wangeamua kulipiza leo mie na wewe tusingekuwa hapa tunaandikiana barua.

Njia ya babu yako ina nchi kubwa iloifuata, nayo ni Hispania. Jenerali Franco alitawala tokea vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha 1939 mpaka alipokufa Novemba 1975, na baada yake wanasiasa wa pande zote wakakubaliana yalopita yasiulizwe, 1977 ikapita sheria ya msamaha kwa walofungwa na walofunga. Na tuseme haki, ilisaidia, mwaka ule ule walipiga kura, 1978 wakapata katiba, vita havikurudi. Lakini maiti zilikuwa bado zimo kwenye mashimo, pembezoni mwa barabara na kwenye makonde, maelfu kwa maelfu, yaani mjane anapita njia ile ile kwenda sokoni na anajua mumewe yuko pale chini na hana ruhusa hata ya kuweka jiwe. Miaka ikenda, mwaka 2000 ndio makaburi yale yakaanza kufukuliwa kitaalamu, mifupa ikapimwa ijulikane ya nani, na walosimama mbele kudai hawakuwa watoto wa marehemu, walikuwa wajukuu. 2007 ikaja sheria ya kumbukumbu, na 2019 Franco mwenyewe akatolewa kwenye lile kaburi lake la fahari akaenda kuzikwa makaburi ya kawaida. Miaka 44 baada ya kufa kwake. Kwa hio swali lako si utovu wa adabu, wajukuu ndio wanaouliza, maana baba anakuwa bado na hofu aloirithi na mjukuu hana.

Njia ya mwalimu wako ni ya Afrika Kusini baada ya utawala wa makaburu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Askofu Desmond Tutu ilianza kusikiliza watu Aprili 1996 kwenye ukumbi wa mji wa East London, na siku za mwanzo tu mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu alipofika pahala pa kueleza alivyoteswa akashindwa, akafunika uso kwa mkono, na Tutu mwenyekiti mzima akalaza kichwa juu ya meza akalia mbele ya kamera. Vidio ile nimeiangalia mara nyingi na kila mara nafikiria, ni kiongozi gani wetu alowahi kukaa tu akamsikiliza mtu wa kawaida mpaka mwisho. Walichukua maelezo ya watu zaidi ya 21,000. Na walotesa wakaambiwa, njoo useme yote bila kuficha utasamehewa, wakaomba zaidi ya 7,000 wakapewa 849.

Lakini mwalimu wako akwambie na upande wa pili pia. Walonyimwa msamaha na wale ambao hawakuja kabisa walitakiwa wapelekwe mahakamani, tume ikakabidhi majalada zaidi ya 300 kwa waendesha mashitaka, karibu yote yakalala. Tume ilipendekeza waloumizwa walipwe kila mwaka kwa miaka 6, serikali ikaja kutoa randi 30,000 mara moja, 2003, ikaishia hapo. Wapo wanawake kule mpaka leo wanahisi walilizwa mbele ya dunia nzima halafu wakaachwa walipo, na mie siwalaumu, ukimwita mtu akufunulie kidonda chake lazima uwe umeshika dawa.

Mie mwenyewe nlojifunza zaidi ni Gambia, labda kwa vile ni kanchi kadogo kama sisi, watu wanajuana, Waislamu wengi, na jioni wanakaa vikundi vikundi wanakunywa chai yao kali ya attaya wanazungumza, kama sisi na barza zetu za kahawa. Yahya Jammeh alikaa miaka 22, akashindwa uchaguzi Disemba 2016, akakubali kwenye tivii, baada ya wiki akageuka, mpaka majirani wa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, walipoingiza majeshi ndio akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta Januari 2017. Tume yao ilianza kusikiliza hadharani Januari 2019, mashahidi zaidi ya 390, na vikao vikarushwa laivu kwenye tivii, redio na mitandao, watu wanafatilia madukani, kwenye teksi, majumbani wakipika. Wakaja mpaka wazee wa vijijini ambao 2009 walisingiziwa uchawi, wakakusanywa kwa nguvu wakanyweshwa dawa, wengine wakafa, na walobaki hai wakaishi na lile jina la uchawi miaka kumi. Wewe wa Micheweni unajua jina kama lile likishamganda mtu kijijini linavyomla yeye na wanawe. Sasa mzee kama huyo kusimama mbele ya tume ya serikali, akaapa, akasema mimi si mchawi, nilionewa, na nchi nzima inasikia na inaandikwa, hio peke yake ni dawa hata kabla ya senti moja ya fidia.

Bas, ukiniuliza mie, babu na mwalimu hawapingani kama unavyodhani. Babu anakataa kelele, mwalimu anadai kumbukumbu. Usimlazimishe mzee, ila siku akianza mwenyewe, na huanza, mara nyingi usiku umeme ukikatika, wewe nyamaza usikilize na kesho yake uandike, chombo kilikuwa cha nani, waliondoka bandari gani, nani alibaki nyuma, Shimoni walikula nini. Andika na tarehe. Daftari hilo usilipeleke popote kwa sasa, liweke tu.

Kaka, mimi mama wa watatu, Jang'ombe. Kila uchaguzi nawaona wageni na vizibao vyao na magari yao, wengine tunaambiwa UN, wanalala mahoteli makubwa, wanaandika andika, wanaondoka. Hivi wanatusaidia nini hasa, au wanafata posho tu?

Dada yangu, swali lako lina haki yake. Ila tenganisha vitu viwili. Wale wa vizibao ni waangalizi wa uchaguzi, kazi yao kuona na kusema walichokiona. Kujenga amani ni jambo jengine. Umoja wa Mataifa waliunda tume yao ya kujenga amani Disemba 2005, baada ya kuona nchi nyingi zinatia saini, wanajeshi wa kofia za buluu wanaondoka, na miaka michache baadae vita vinarudi vile vile. Nchi mbili za mwanzo kushughulikiwa zilikuwa Sierra Leone na hawa majirani zetu Burundi.

Burundi tunaijua sie. Mazungumzo yao yalifanyika Arusha, Mwalimu Nyerere akiyasimamia mpaka alipofariki Oktoba 1999, akapokea Mandela, na 28 Agosti 2000 wakatia saini. Na si maneno matupu walotia saini, walipanga mpaka jeshini kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu, kwa sababu jeshi ndilo lililokuwa linaua. Hapo wageni walihitajika kweli kweli, maana wenyewe kwa wenyewe hawakuweza kukaa chumba kimoja nchini kwao wakatoka salama. Sasa sikiliza na hili. Ofisi ya UN ilobaki Burundi ilifungwa mwisho wa 2014, na Aprili 2015 rais alipotaka muhula wa tatu watu wakaanza tena kuvuka kuja Kigoma na vitanda vyao kichwani. Miezi minne tu. Sisemi kama ofisi ingebaki mambo yasingetokea, nasema mgeni hakai, na lile alolijenga likiwa halina mwenyewe wa kulilinda linakwenda nae.

Na kwetu hapa ni hivo hivo. Muafaka wa kwanza wa 1999 baina ya CCM na CUF ulisukumwa na Jumuiya ya Madola, wakati ule Katibu Mkuu wao Emeka Anyaoku, karatasi nzuri kabisa, lakini utekelezaji haukufika mbali na ukaja uchaguzi wa 2000 na yale nlokwishayataja juu. Maridhiano ya tarehe 5 Novemba 2009 hayakuwa na mgeni mezani, Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walikutana wenyewe Ikulu, na baadae ikaundwa kamati ya watu sita chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo, na yale ndio yaloshuka mpaka mitaani.

Ila nisiwaonee. Ile idadi ya walokufa 2001 nlomwandikia yule kijana nimeitoa kwa wageni, wao ndio walozunguka wakauliza watu wakachapisha. Serikali nayo iliunda tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita baada ya Muafaka wa pili, na wapo wengi waliohojiwa, lakini nenda leo Jang'ombe ulize vijana wangapi wameishika ripoti ile mkononi. Kazi moja ya mgeni mie naipokea kwa mikono miwili, kuandika pale ambapo sisi tunaogopa kuandikana.

Mie fundi wa pikipiki Chake. Kwanini utawala mbaya ukiondoka wasifukuzwe wote, mpaka karani, ikaanzwa upya? Maana unakuta rais mpya, polisi ni wale wale.

Bwana fundi, uchungu wako naujua na hapo mwisho umesema kweli tupu. Ila walojaribu kufukuza wote waliumia. Iraq 2003, Wamarekani walipomuondoa Saddam Hussein, mkuu wa utawala wao Paul Bremer alitoa amri mbili ndani ya wiki moja ya mwezi wa Mei, ya kwanza kuwatoa watu wa chama cha Baath kwenye nafasi za serikali, ya pili kulivunja jeshi lote. Wakatoka makatili na wakatoka pia walimu wa skuli kwa maelfu, watu walojiunga na chama kwa sababu bila kadi ya chama hupandi cheo, na hilo nadhani halihitaji nikueleze. Na askari laki kadhaa wakarudi nyumbani bila mshahara na bunduki wanajua kutumia. Yalofuata tuliyaona sote.

Chile wao wakaenda upande mwengine kabisa, Jenerali Pinochet, alotawala kwa mabavu baada ya kupindua serikali, alishindwa kwenye kura ya ndio au hapana Oktoba 1988, akatoka urais lakini akabaki mkuu wa jeshi mpaka 1998, yaani rais alochaguliwa na wananchi anafanya kazi na yule aliyempindua mwenzake amekaa pembeni na vifaru. Walifanya tume ya ukweli vile vile, kwa tahadhari, hatua hatua.

Wewe ukifungua injini hutupi yote, unatazama kipi kimekufa. Polisi alompiga mtu risasi aulizwe yeye kwa jina lake, na mkubwa alotoa amri aulizwe zaidi. Karani mwache. Lakini kanuni zinazomfanya karani aogope, nani anampandisha cheo, nani anamuhamisha akisema hapana, hizo ndizo za kubadilisha, na hizo ndizo hubaki. Gambia baada ya Jammeh walibadilisha haraka jina la idara yao ya usalama, na wananchi wakawa wanauliza, jina tumeliona, na watu waliokuwemo mle ndani je?

Sitaki jina langu litoke, niandike msomaji wa Wete. Sisi hapa tulishangilia Serikali ya Umoja wa Kitaifa 2010, tukazikana, tukaoana, halafu 2015 ikawa vile. Ikarudi tena 2020. Kuna faida gani ya kupatana kitu ambacho kila baada ya uchaguzi kinavunjika?

Msomaji wangu, kwa wasiojua Pemba ya miaka ile neno lako "tukazikana" wanaweza kulipita haraka. Tulikuwa hatuzikani. Mtu wa CCM akifa wa CUF hawaendi, na wa CUF akifa hivo hivo, harusi hualikani, kuna daladala hupandi. Mie nna shangazi yangu kijiji kimoja kaskazini ya Pemba, sitokitaja. Duka la karibu na nyumba yake lilikuwa la mtu wa chama cha pili, hatua kama hamsini kutoka mlangoni kwake, na shangazi kila siku analipita na chupa yake ya mafuta ya taa anakwenda mpaka duka la mbali, kilima chote kile, jua au mvua, na magoti yake yale.

Yalipokuja maridhiano, tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni na asilimia 66.4 tukasema ndio. Oktoba ile Dk. Shein akapata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, tofauti ndogo kama ile zamani ingekuwa mkasa, na Maalim akakubali akaingia serikalini na watu wakalala usingizi. Kwa hio usiniambie halikuwa na faida. Mtoto alozaliwa 2010 alikwenda chuo cha Kurani na wenzake bila kuulizwa baba yako chama gani.

Kilichovunjika 2015 ni kile ambacho hatukukishika. Tulibadilisha nani anakaa Baraza la Mawaziri, lakini tume ya uchaguzi, polisi, mahakama, namna sheha wa mtaa anavyompa au kumnyima mtu barua ya ukaazi, yale yote yalibaki yanategemea wakubwa wanaelewana vipi asubuhi ile. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume akatangaza uchaguzi umefutwa, Machi 20, 2016 ukarudiwa, CUF wakasusia, na ile serikali ya umoja ikawa imebaki kwenye katiba tu. Disemba 2020 ACT-Wazalendo, chama alichokwishahamia Maalim Seif, wakaingia serikalini, yeye akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Februari 2021 akafariki, na msiba ule ulionyesha jambo, tulikuwa tumeiweka amani yetu mabegani kwa watu wawili watatu, na watu hufa.

Ndugu zetu wa Komoro, na hapa Unguja wako wengi wenye bibi wa Ngazija, walipata dawa yao 2001, katiba ya kupokezana urais kisiwa kwa kisiwa, na mapinduzi yaliyokuwa kama ada yakapungua. Kisiwani Anzuani alipokataa kutoka rais wa kisiwa, Mohamed Bacar, Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, na wa Tanzania wakiwemo, walikwenda kumtoa. Dawa ilikuwa inafanya kazi. 2018 ikapigwa kura ya maoni, zamu ikavurugwa ili alopo aendelee. Hawakushindwa kupatana wale, lile walopatana lilikuwa rahisi kufunguliwa na mtu alokwishaingia ndani.

Sasa unaniuliza faida. Mie nasema tupatane tena na tena hata kwa mara ya kumi, lakini safari hii mezani ziwekwe zile tume na zile kanuni kabla ya vyeo, na tuambiwe sote nini kimeandikwa, kwa lugha yetu, isomwe msikitini na skuli na barzani, si wajumbe sita peke yao wawe ndio wanaojua.

Mwaka juzi nilikwenda Pemba, nikapita lile duka kununua sukari. Mwenye duka mzee sasa, akanionyesha daftari lake la mikopo, la kale, jalada limekwisha kunyambuka, ukurasa mmoja umeandikwa jina la shangazi juu kwa kalamu ya buluu. Mistari ya mwanzo ya zamani, sukari kilo, sabuni mche. Halafu pengo, karibu ukurasa mzima mweupe. Kisha Disemba 2009, mafuta ya taa nusu chupa, na imelipwa. Inaendelea mpaka Oktoba 2015, inakata. Chini kabisa kuna mstari mmoja wa hivi karibuni, wino mweusi, unga kilo mbili, na hii haijalipwa, nikataka kuilipa mie akakataa, akafunga daftari, akasema huyo atakuja mwenyewe.